Maduka ya programu: mwenye soko naye ana kizimba

Watengenezaji wa programu za simu wa Dar es Salaam na Nairobi wakikutana, kamisheni ya asilimia 30 si jambo la kwanza kuzungumzwa. Itafikiwa, ila baadaye. Mazungumzo huanza na nani kafungiwa akaunti, nani toleo lake jipya limerudishwa bila kuambiwa kosa liko wapi, na nani bado anazunguka kutafuta watu wa kumjaribia programu ili duka limruhusu kuiweka hadharani. Ulaya, Marekani na Korea Kusini, kesi na sheria nyingi kuhusu maduka haya zimejengwa juu ya pesa: kampuni mbili zinazoyamiliki zinakata fungu nono, na zinakata kwa sababu muuzaji hana pa kukimbilia. Afrika Mashariki wanaolalamikiwa ni walewale, lakini kinacholalamikiwa zaidi ni uamuzi usio na mlango wa kugonga.

Mtengenezaji mmoja wa Dar es Salaam alikubali kueleza yaliyomkuta kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa kazi yake ya sasa iko dukani kwa akaunti ya mtu mwingine. Programu yake ilikuwa ya wanafunzi wa sekondari: mitihani iliyopita ya kidato cha nne, majibu na maelezo. Ilikaa dukani miaka kadhaa, ikapata nyota nzuri, na msimu wa mitihani ya taifa ukikaribia ilikuwa ikipakuliwa kwa wingi. Asubuhi moja akakuta barua pepe inayosema akaunti imefungwa kwa sababu inahusishwa na akaunti nyingine iliyowahi kufungwa kwa kuvunja masharti. Akaunti ipi, haikutajwa. Masharti yapi, hayakutajwa.

Anadhani chanzo ni kijana aliyemsaidia kazi kwa muda, ambaye alitumia kompyuta ya ofisini kuingia kwenye akaunti yake binafsi. Anadhani tu, hakuna aliyemthibitishia. Alijaza fomu ya rufaa, jibu likaja likirudia maneno ya barua ya kwanza. Akajaza tena, na hadi leo hana hakika kama kuna binadamu aliyeisoma. Waliokwisha kupakua programu walibaki nayo bila masahihisho mapya, mpaka mada za masomo zilipobadilika ikawa haina kazi. Maoni ya watumiaji na nafasi aliyokuwa ameishika kwenye utafutaji vilikwenda na akaunti. Hakuna cha kurithi.

Asilimia 15, anasema, angelipa bila kunung'unika. Duka linamfikisha kwa mteja wa Mwanza, wa Mtwara na hata wa Muscat, linapokea malipo, linasambaza matoleo mapya. Kazi hiyo ina gharama na yeye hakatai. Kinachomchoma ni kwamba Kariakoo ukinyang'anywa kizimba ipo ofisi ya soko, utakwenda, utakaa kwenye benchi hadi mtu atoke akueleze, na ukishindwa utamtafuta diwani. Soko hili halina benchi. Tena mwenye soko naye ana kizimba chake humohumo, kiko mlangoni kabisa, anauza vitu vya aina ileile.

Wenye maduka wana hoja yao. Tapeli akifungiwa akaunti leo, kesho anafungua nyingine kwa jina la shangazi yake, na njia ya kumnasa ni kufuatilia kifaa, kadi ya benki na anwani anazotumia. Mwaka 2024 pekee, kwa maelezo ya kampuni ambayo mfumo wake umo katika simu za karibu kila chapa inayouzwa hapa (tuiite kampuni ya mfumo), programu milioni 2.36 zilizuiwa zisiingie dukani kwa kuvunja masharti na akaunti zaidi ya 158,000 zilifungwa. Takwimu hizo hutolewa kila mwaka kama ushahidi wa usalama. Ndani yake hazimo akaunti ngapi zilifungwa kwa makosa na ngapi zilirudishwa, na hilo ndilo ambalo muuzaji angetaka kulijua. Zaidi ya hapo, mtego unaofuata vifaa na anwani umetungwa kwa nchi ambako kila mtu ana kompyuta yake. Mahali ambako vijana watano hupanga chumba kimoja, wakatumia intaneti moja na kompyuta mbili, mtego huo una samaki wengi wasiohusika.

Sharti jingine linaloonyesha jinsi mambo yanavyokwenda ni la majaribio. Tangu Novemba 2023, mwenye akaunti mpya ya mtu binafsi katika duka hilo alitakiwa apate watu 20 wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa kwa umma. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Kusudi lilikuwa kuchuja kazi za ovyo. Matokeo yake yaliyo wazi ni makundi ya kujaribiana, wewe niwekee yangu nami nikuwekee yako, na watu ambao sasa huuza wajaribu kwa bei ya jumla. Akaunti ya kampuni haibanwi na sharti hili, lakini kuifungua kunahitaji namba ya utambulisho wa biashara inayotolewa na taasisi ya nje, pamoja na nyaraka za usajili. Mwenye pesa ya wakili anapita. Mwanafunzi wa chuo anatafuta watu 12.

Kiingilio chenyewe hakitishi sana: dola 25 mara moja katika duka hilo, na dola 99 kila mwaka katika duka la kampuni ya pili, ile inayotengeneza simu na mfumo wake pamoja (tuiite kampuni ya simu). Hizo dola 99 ni zaidi ya Sh 200,000 za Tanzania, na ukiacha kulipa, programu zako zinaondolewa kwenye rafu.

Kuhusu kamisheni, historia ni fupi. Duka la kampuni ya simu lilipofunguliwa Julai 2008, likiwa na programu 500 hivi, mgawo ulikuwa 70 kwa mtengenezaji na 30 kwa duka, na duka la kampuni ya mfumo likafuata mgawo huo. Wakongwe wa biashara ya miito ya simu na ujumbe wa kulipia wanakumbuka kwamba wakati ule asilimia 30 ilionekana nafuu, kwa sababu mitandao ya simu ya hapa nyumbani ilikuwa inachukua fungu linalozidi nusu na bado inachelewesha malipo. Mwaka 2016 usajili wa kulipia uliozidi mwaka mmoja ukashushiwa hadi asilimia 15. Agosti 2020 kampuni moja kubwa ya michezo ya simu iliweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo, mchezo ukaondolewa dukani siku hiyohiyo, kesi ikafunguliwa. Miezi mitatu baadaye kampuni ya simu ikatangaza kwamba wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka watalipa 15. Kampuni ya mfumo ikafuata Julai 2021 kwa dola milioni 1 za mwanzo. Punguzo lilielezwa kuwa ni msaada kwa wafanyabiashara wadogo. Inawezekana. Wafanyabiashara wadogo walikuwapo pia mwaka 2012.

Tuchukue programu ya masomo inayouzwa Sh 10,000 kwa mwezi Tanzania, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani ya bei. Ukitoa kodi inabaki Sh 8,475 hivi. Kamisheni ya asilimia 15 ikikatwa, mtengenezaji anabaki na Sh 7,203. Ikiwa ni 30, anabaki na Sh 5,932. Hapo bado hajalipa seva, mwalimu aliyeandika majibu, wala bando lake mwenyewe. Anayeuza kilekile kwa lipa namba, akatuma msimbo wa kufungulia kwa ujumbe, anabaki na karibu bei yote. Wengi wanafanya hivyo. Masharti ya maduka yanataka kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya programu kilipiwe kwa mfumo wa duka, kwa hiyo anayetumia lipa namba anaishi kwa kutegemea kutoonekana. Akikua, ataonekana.

Biashara kubwa za simu za eneo hili ziko nje ya hesabu hiyo. Anayeita bodaboda, anayeagiza chakula, anayenunua viatu au tiketi ya basi kwa simu halipi kamisheni ya duka, kwa kuwa maduka hayatozi bidhaa na huduma zinazotolewa nje ya simu. Ndiyo maana wawekezaji wengi wa hapa hawajawahi kulishughulikia suala hili, na ndiyo maana kelele zake hutoka kwa watu wadogo: wa masomo, wa michezo, wa hadithi, wa mawaidha, wa simulizi za sauti.

Sasa ije takwimu inayopendwa. Ukimuuliza afisa yeyote wa kampuni ya mfumo kama duka lake linawanyonya watengenezaji, jibu la kwanza ni kwamba asilimia 97 ya watengenezaji hawalipi kamisheni yoyote, na katika asilimia 3 wanaolipa, karibu wote, yaani 99 kati ya 100, wanastahili kulipa 15 au pungufu. Takwimu hii imetolewa kwenye mabaraza ya kutunga sheria, kwenye semina na kwenye mazungumzo ya kahawa, na hakuna sababu ya kusema ni ya uongo. Tatizo ni kile inachokihesabu. Inahesabu vichwa, haihesabu fedha. Mtu aliyeweka tochi ya simu mwaka 2015 akaisahau anahesabiwa sawa na nyumba ya michezo yenye mamilioni ya wachezaji.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hiyo ina tundu kubwa zaidi. Wengi wa hapa hawalipi kamisheni kwa kuwa hawauzi, na hawauzi kwa kuwa mteja wao hana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni. Pesa za simu zimeanza kukubaliwa dukani katika baadhi ya nchi, lakini mazoea ya kulipia programu hayajajengeka kama mazoea ya kununua salio. Mtengenezaji anabaki kutegemea matangazo. Dalali mkuu wa matangazo ndani ya programu hizo ni kampuni ileile yenye duka, na sehemu yake huichukua huko. Kwa hiyo mtu anayehesabiwa katika ile asilimia 97 analipa, ila kwa dirisha la pili, na dirisha hilo halimo kwenye jibu la afisa. Mtengenezaji mmoja wa Mombasa wa programu ya nyakati za swala alisema hivi: akaunti ya duka ikifungwa na ya matangazo inaingia mashakani, na ya matangazo ikifungwa, salio lililokuwa ndani linaweza kuzuiwa. Mkono ni mmoja.

Kampuni ya simu nayo ina takwimu yake. Kwa mwaka 2024 ilisema biashara na mauzo yaliyopitia programu za duka lake duniani yalifikia dola trilioni 1.3, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya fedha hizo hazikukatwa kamisheni. Ukifungua mfuko huo unakuta nguo, vyakula, safari na teksi, vitu ambavyo duka halikuvileta wala halikuvibeba.

Kilichowahi kulitikisa duka hilo ni takwimu ya upande wa pili. Katika kesi ile ya kampuni ya michezo, iliyosikilizwa mwaka 2021 huko California, shahidi mtaalamu aliyeletwa na mlalamikaji alikadiria kwamba faida ya uendeshaji ya duka kwa mwaka 2019 ilifikia takriban asilimia 78 ya mapato yake. Kampuni ilisema hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu haiendeshi duka kama idara yenye vitabu vyake peke yake. Maelezo hayo huenda ni ya kweli kihasibu. Kwa kampuni ya ukubwa huo, kutojua duka linaingiza faida kiasi gani ni jambo la kushangaza. Hata hivyo jaji aliipa ushindi katika madai tisa kati ya kumi, akakataa kuiita mhodhi, na akaamuru jambo moja: wauzaji waruhusiwe kuwaonyesha wateja njia ya kulipia nje ya duka.

Yaliyofuata baada ya amri hiyo yanafundisha zaidi kuliko hukumu yenyewe. Amri ilipoanza kufanya kazi Januari 2024, kampuni iliruhusu kiungo cha kwenda nje, kisha ikadai asilimia 27 ya manunuzi yatakayofanyika huko ndani ya siku saba. Ukijumlisha gharama ya kupokea kadi, muuzaji alikuwa palepale. Aprili 2025 jaji yuleyule akasema kampuni imeidharau amri kwa makusudi, akazuia kamisheni hiyo, na mabishano ya rufaa yakaendelea kuhusu kama inastahili kupata chochote. Uholanzi, mwaka 2022, ilikuwa hivyohivyo kwa programu za kutafuta wachumba: faini ya euro milioni 5 kwa wiki hadi ikafika milioni 50, na mwisho wake kamisheni ya 27 badala ya 30. Korea Kusini ilikuwa nchi ya kwanza kutunga sheria ya kukataza kulazimisha mfumo mmoja wa malipo, Agosti 2021. Maduka yakatii, yakaruhusu mifumo mingine, yakapunguza kamisheni kwa pointi 4 tu, pungufu au sawa na gharama ya kupokea malipo mwenyewe. Ulaya, sheria ya masoko ya kidijitali ilipoanza kubana Machi 2024, kampuni ya simu iliruhusu maduka mengine, ikaambatanisha ada ya nusu euro kwa kila usakinishaji wa mwaka unaozidi milioni 1. Aprili 2025 ikatozwa faini ya euro milioni 500 kwa kuendelea kuwafunga wauzaji midomo. Ni Uingereza tu, Oktoba 2025, ambako uamuzi uliligusa swali la bei moja kwa moja: 30 ni kupita kiasi, 17.5 ingetosha kwa kusambaza programu. Kampuni imesema haikubali.

Anayesoma orodha hiyo akiwa Arusha au Kisumu anapaswa kukumbuka kwamba hakuna hata kimoja kinachomhusu. Kiungo cha nje kimefunguliwa kwa mnunuzi wa Marekani, maduka mbadala kwa mwenye simu wa Ulaya. Masharti ya mnunuzi wa Tanzania ni yale ya zamani.

Hapo tunarudi kwenye kizimba cha mwenye soko. Mfano ulio wazi zaidi ni wa muziki. Kampuni ya simu ina huduma yake ya muziki isiyolipa kamisheni kwa mtu yeyote. Mshindani wake alipouza usajili ndani ya duka aliwahi kupandisha bei kutoka euro 9.99 hadi 12.99 ili kufidia makato, na alikatazwa kumwambia mteja kwamba nje ya duka bei ni nafuu. Machi 2024 Ulaya iliitoza kampuni hiyo zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa katazo hilo. Katika kesi ya pili ya kampuni ya michezo, ambayo baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana kwa kauli moja Desemba 2023 kwamba kampuni ya mfumo imehodhi soko, ushahidi ulionyesha kwamba huduma moja kubwa ya muziki ilikuwa hailipi chochote kwa malipo yaliyopita kwenye mfumo wake, na ikilipa asilimia 4 tu kwa yaliyopita dukani. Barua pepe zilizotolewa na bunge la Marekani mwaka 2020 zilionyesha mkataba wa 2016 uliompa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mtandaoni asilimia 15 kwa huduma yake ya video, wakati wengine wakiambiwa masharti ni sawa kwa wote. Kumbe bei ilikuwa na mlango wa nyuma kwa mwenye ubavu. Watengenezaji wa hapa niliowasimulia hilo hawakushangaa hata kidogo.

Kuna na kutangulizwa. Simu inayonunuliwa Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, inatoka kwenye boksi ikiwa tayari na ramani, barua pepe, kivinjari, video na muziki vya mwenye mfumo, na katika simu ya hifadhi ndogo vitu hivyo hula nafasi ambayo programu ya mtu mwingine ingekaa. Sehemu ya hayo ilitokana na mikataba: mtengenezaji wa simu anayetaka duka lazima achukue na vinginevyo. Ulaya iliitoza kampuni ya mfumo euro bilioni 4.34 kwa mambo hayo mwaka 2018, zikapunguzwa hadi bilioni 4.125 mwaka 2022. Ndani ya maduka yenyewe nafasi ya juu ya utafutaji huuzwa kama tangazo, na mpinzani anaweza kulinunua jina lako, mteja akiandika jina la programu yako akutane kwanza na ya mwenzako. Ukitaka kulilinda jina lako, unalipia tangazo.

Kama hayo yote ni matumizi mabaya ya nguvu, kwa nini serikali za hapa zimekaa kimya? Jibu moja liko kwenye mikopo kausha damu. Kwa miaka kadhaa programu za kukopesha zilisoma orodha ya namba na picha za mkopaji, akichelewa siku mbili wakampigia bosi wake na mkwewe. Kilichowapunguza, kwa maelezo ya wafanyabiashara wenyewe wa mikopo, ni duka kuliko polisi. Januari 2023 duka la kampuni ya mfumo lilianza kudai leseni kwa wakopeshaji wa Kenya, na programu nyingi zikaondolewa. Mwishoni mwa Mei mwaka huo programu za mikopo zikakatazwa kugusa namba na picha za mteja. Tanzania ilipotangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, njia ya haraka ya kuzizima ilikuwa ileile.

Msimamizi mmoja wa sekta ya fedha katika nchi mojawapo ya eneo hili alikiri bila kuzunguka kwamba mlango mmoja ni rahisi kuulinda kuliko milango hamsini. Kwake duka ni askari asiyelipwa mshahara. Hoja hiyo ina uzito, na wanaotaka maduka yavunjwe wangepaswa kuijibu vizuri zaidi ya wanavyofanya. Ila askari huyo hatumwi na serikali ya hapa, anaombwa. Akiombwa kuondoa programu ya mkopeshaji haramu ataondoa, na akiombwa kuondoa kitu kingine ambacho wenye madaraka hawakipendi, uamuzi utakuwa wake. Msimamizi huyo hakutaka kuendelea na sehemu hiyo ya mazungumzo.

Serikali zilifika kwenye biashara hii kwa njia ya kodi kwanza. Tanzania ilianza kutoza asilimia 2 ya mapato ya huduma za kidijitali za wageni Julai 2022, Uganda asilimia 5 Julai 2023, na Kenya, iliyoanza na 1.5 mwaka 2021, ilibadilisha utaratibu Desemba 2024 na sasa makato ni sawa na asilimia 3 ya mauzo. Kwa upande wa ushindani, afisa mmoja alisema sheria zilizopo zinazokataza matumizi mabaya ya nafasi ya soko zinatosha, na kwamba hajaletewa lalamiko la maandishi. Wafanyabiashara wanalicheka jibu hilo. Nani ataandika barua ya kumshitaki anayeshika akaunti yake, na ushahidi wake wote ni barua pepe mbili zisizo na sahihi?

Njia za pembeni zipo. Faili za kusakinishia programu (APK) hurushwa simu kwa simu bila bando, na simu za Kichina zinazouzwa sana Afrika huja na duka lao jingine. Wengine wamerudi kwenye tovuti ya kawaida inayofunguka kama programu. Lakini wauzaji wanasema duka mbadala haliwaletei wateja wa kutosha, na anayefungua faili la nje hukutana na onyo la kutisha kwenye kioo. Kampuni ya mfumo husema programu za nje ya duka zina maambukizi zaidi ya mara 50, kwa kipimo chake yenyewe. Imetangaza pia kwamba watengenezaji wote, hata wanaosambaza nje ya duka, watatakiwa kujisajili kwake kwa majina yao halisi: kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne za Asia na Amerika Kusini, kisha duniani kote kuanzia 2027, kukiwa na nafuu kwa wanafunzi na watumiaji wanaojua wanachokifanya. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, uchochoro wa APK nao utakuwa na mlinzi yuleyule. Inaweza pia ikalegezwa tena, kama ilivyokwisha kulegezwa mara moja baada ya kelele.

Kamisheni huenda ikashuka. Shinikizo la mahakama ni kubwa, na kushusha bei duniani kote ni rahisi kuliko kuendesha jedwali la bei kwa kila nchi. Lakini pia inaweza kushuka Ulaya na Marekani peke yake, na nchi ambazo hazijadai zikabaki kufidia pengo. Kuhusu kufungiwa akaunti hakuna dalili kubwa ya mabadiliko kwa huku.

Mshauri mmoja wa Nairobi anayewasajilia watengenezaji akaunti anawaambia wateja wake wafungue kwa jina la kampuni tangu siku ya kwanza, kila mfanyakazi awe na kompyuta yake, na namba za wateja wahifadhi wenyewe nje ya duka, kwa ridhaa ya wateja na kwa kufuata sheria ya taarifa binafsi. Rufaa za akaunti zilizofungwa naye anaziandika, kwa bei ya juu zaidi, na pesa yake anataka mapema, kwa kuwa nyingi hazifanikiwi.